Deni la Mwenye Mbwa

Asubuhi moja wakati wa mvua, katika nyumba moja ya mji wa Bukavu, mama wa nyumba aliingia jikoni kuwasha moto, akasikia sauti nyembamba nyuma ya mfuko wa makaa. Alipoinua taa akamwona mbwa wao amejikunja juu ya gunia bovu, na chini ya tumbo lake watoto sita, wabichi bado, vipofu, wakisukumana kutafuta ziwa. Mbwa hakuinuka wala hakunguruma. Alimtazama mama yule, akapiga chini kwa mkia mara mbili, kisha akaendelea kuwalamba wanawe.

Baba wa nyumba akaja, akahesabu, akakunja uso. Mshahara wa mwezi ulikuwa umekwisha kugawanywa: unga, karo ya shule, kodi ya nyumba. Akasema, "Jioni watiwe katika mfuko, wapelekwe ziwani. Ni mbwa tu." Mama hakujibu. Lakini mtoto wao wa kiume, aliyesimama mlangoni na madaftari yake, akauliza kwa adabu, "Baba, ni nani aliyemleta mbwa huyu kwetu?" Baba akanyamaza, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyemleta.

Mambo kama hayo hutukia katika nyumba nyingi, mjini na mashambani, wala si kila mahali awepo mtoto wa kuuliza. Swali lake ni fupi, lakini ndani yake mna jambo zito. Je, mtu aweza kuwiwa na mnyama? Na kama awiwa, deni hilo lina mpaka gani, hasa katika nyumba ambamo hata watoto wa watu hawashibi kila siku?

1. Makosa mawili

Wako watu wanaofikiri kwamba mnyama ni kitu, kama jembe au kiti: mwenyewe aweza kukitumia, kukivunja na kukitupa, wala hapana wa kumwuliza. Fikira hiyo haikuzaliwa vijijini tu. Mfaransa mmoja mwenye elimu kuu, Descartes, aliyefariki mwaka 1650, alifundisha kwamba wanyama ni kama mashini. Wajongea kama saa inavyojongea, bila akili ndani. Lakini yeyote aliyekesha karibu na mbwa anayezaa hawezi kukubali neno hilo kwa urahisi. Saa haitetemeki kwa uchungu. Saa haichimbi shimo usiku ili kumlaza mtoto wake. Mwingereza Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba haitoshi kuuliza kama wanyama waweza kufikiri au kusema. Yapasa kuuliza kama waweza kuumia. Na jambo hilo kila mtu analijua kwa macho yake.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Ndilo la watu wanaomfanya mbwa kuwa mtu. Humvika nguo, humpa jina la heshima, humlalisha kitandani, na wakati huohuo mjane wa jirani analala na njaa. Watu hao hudhani wana huruma kuu, kumbe huruma yao imepotea njia. Mbwa hakuomba nguo. Mjane aliomba unga.

Kati ya makosa hayo mawili iko njia ya haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mnyama ana uhai wenye kuhisi: huona, husikia, huogopa, hufurahi, hukumbuka, lakini hana akili ya kupima mema na mabaya. Kwa hiyo mbwa hawezi kutenda dhambi, wala hawezi kudaiwa wajibu. Wengine hukata neno hapo na kusema, "Basi, asiye na wajibu hana haki, na mambo yamekwisha." Lakini tazama vizuri. Watu wawili wakibeba mzigo pamoja, na mmoja wao hana mikono, je, mzigo hupungua? La, humwangukia mwenye mikono. Vivyo hivyo kati ya mtu na mbwa: kwa kuwa mmoja tu ana akili, wajibu wote u juu yake.

Thoma huyohuyo aliongeza kwamba anayezoea ukatili juu ya wanyama huuzoea hata juu ya watu. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 inasema kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe; na palepale inawaonya wale wanaotumia kwa ajili ya wanyama fedha zilizopasa kwanza kuwaondolea watu taabu yao. Maneno hayo mawili yaenda pamoja, na anayeshika moja na kuliacha la pili hajashika kitu.

2. Kufuga ni kuahidi

Hata hivyo mambo hayo hayajalijibu swali la mtoto yule. Kwani hakuuliza, "Je, ni vibaya kumtesa mnyama?" Aliuliza, "Ni nani aliyemleta?"

Swala wa porini hana bwana. Akizaa katika majani, hapana mtu anayewiwa naye chakula wala nyumba. Mbwa sivyo. Jamaa yake ya kale ni mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini, naye aliingia katika maisha ya watu zamani sana, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Tangu hapo watu wamemgeuza: wamemfundisha kulinda wala asiibe, kuwinda wala asile windo peke yake, kukaa penye nyumba wala asitangetange.

Wazee wa misitu ya Kongo walilijua jambo hili vema. Mbwa wao, yule mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojiviringisha, ambaye Wazungu humwita Basenji na ambaye alionyeshwa London mwaka 1937, habweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni, apate kujua yuko wapi katika majani mazito. Mbwa hufukuza nyama mpaka kwenye wavu, mtu huiua, na wote wawili hula. Hapana karatasi iliyoandikwa wala kidole kilichotiwa wino, lakini ni mapatano. Mwindaji ambaye baada ya windo angekula peke yake na kumpiga mbwa teke, wenzake wangemwona mtu asiye na utu.

Mjini kengele hiyo haipo, lakini mapatano yapo. Baba yule wa Bukavu alimchukua mbwa akiwa mdogo, akamfunga kamba, akamkataza kukamata kuku wa jirani, akamzuia kwenda jalalani. Kwa kufanya hivyo aliziba njia zote ambazo mnyama angejitafutia chakula mwenyewe. Aliyemfungia mwenzake mlango wa shamba hawezi kumlaumu kwamba ana njaa. Tena kila usiku mbwa alilala penye mlango, na wezi wakapita mbali. Faida ilipokelewa, basi na deni lipokelewe.

Mtu aweza kujibu, "Nilimleta mbwa mmoja. Sikuleta saba." Jibu hilo lafanana na ukweli, lakini halitoshi. Mwenye mbuzi hufurahi mbuzi wake akizaa. Hasemi kwamba hakuwaleta wana-mbuzi. Mbona kizazi kiwe chake kinapoleta faida, kisha kiwe cha mwingine kinapoleta gharama? Mbwa jike hufika wakati wa kutaka dume karibu mara mbili kila mwaka. Yule wa msituni, kwa desturi, mara moja tu. Kila anayefuga mbwa ajua hayo, au yampasa kujua. Aliyeacha lango wazi katika siku zile ameshiriki katika yaliyofuata.

Basi ukweli ni huu: kufuga ni kuahidi. Anayemtoa mnyama katika njia zake na kumtia katika nyumba yake ametoa ahadi, hata kama hakufungua kinywa. Ahadi kwa asiyeweza kudai ndiyo inayoonyesha mtu ni nani, kwa maana hakuna wa kumshitaki akiivunja.

3. Namna ya kulipa

Deni hilo si kubwa kama watu wanavyoogopa. Kwa sehemu kubwa mbwa mwenyewe hulilipa kwa mwili wake. Mtu huombwa kumsaidia.

Mbwa huchukua mimba siku 63 hivi. Siku za mwisho hutafuta mahali pa giza na pa utulivu. Yafaa apewe sanduku au pembe ya nyumba isiyo na upepo, lenye nguo kuukuu zinazoweza kufuliwa. Anapozaa, aachwe. Wingi wa watu na kelele za watoto humtia hofu, na mbwa mwenye hofu aweza kuwaacha wanawe au hata kuwauma. Mtu mmoja anayemzoea akae karibu, atazame, asiguse bila haja. Akisukuma kwa nguvu muda wa nusu saa au zaidi wala mtoto hatoki, hapo ni kumtafuta mganga wa wanyama pasipo kukawia.

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14, na masikio nyuma yake kidogo. Hawezi kutetemeka ili apate joto. Kwa hiyo baridi humwua upesi kuliko njaa. Katika nyumba za milimani, kama zile za Kivu, chupa ya maji moto iliyofungwa katika kitambaa yaweza kuokoa maisha. Na akikutwa mtoto amepoa, asipewe maziwa kwanza: apashwe joto polepole, ndipo anyonye, kwani tumbo lenye baridi halisagi chakula. Katika siku ya kwanza kila mmoja apate maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito, kwa maana ndiyo yenye kinga ya magonjwa. Mdogo anayesukumwa na wenzake awekwe kwenye ziwa lililojaa.

Mama huwalamba tumboni ili waweze kukojoa na kunya. Bila ulimi wake hawawezi, mpaka wafikie majuma matatu hivi. Mtoto wa watu aliyeona jambo hilo mara moja hatasema tena kwamba mbwa ni mchafu tu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mithali hiyo ilisemwa kwa watu, lakini mwenye macho huona kivuli chake hata kwa mnyama.

Chakula cha mama ndicho penye gharama. Kwenye juma la tatu na la nne, maziwa yanapozidi, huhitaji chakula mara mbili, mara tatu, hata zaidi ya desturi yake, kwa kadiri ya wingi wa watoto. Bukari pekee haitoshi. Huongezwa vichwa vya samaki, sambaza, matumbo yaliyopikwa, mabaki ya maharagwe. Vitunguu asipewe, kwani ni sumu kwake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika kama sindano. Maji safi yasikosekane. Akianza kutetemeka, miguu ikakakamaa na pumzi ikaenda mbio, ni ugonjwa wa chokaa iliyokwisha katika damu; hapo saa moja tu yaweza kuwa nyingi.

Watoto waliofiwa na mama hawafai kulishwa maziwa ya ng'ombe matupu, kwa kuwa maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili. Mganga ataonyesha namna ya kuyatayarisha. Tangu juma la nne waweza kuanza uji na nyama laini. Dawa ya minyoo hutolewa tangu juma la pili, na chanjo ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Wasitengwe na mama yao kabla ya majuma manane: katika majuma hayo hujifunza kutouma kwa nguvu na kutoogopa watu, na mbwa asiyejifunza hayo akiwa mdogo huwa hatari akiwa mkubwa.

4. Mpaka wa deni

Kila deni lina kiasi chake. Anayedai kupita kiasi ni mnyang'anyi, hata akidai kwa jina la huruma.

Kwanza, mtoto wa mtu ndiye wa mbele. Ikiwa katika sufuria mna chakula cha mmoja, huliwa na mtoto. Hapo hapana shaka, wala mwenye nyumba asisumbuke katika dhamiri yake. Lakini mara nyingi shida haiko hapo. Mara nyingi maganda, mabaki na vichwa vya samaki vingetosha, na kinachokosekana ni mtu wa kuvichemsha.

Pili, usafi uheshimiwe. Watoto wanawe mikono baada ya kushika mbwa, na kinyesi kifukiwe mbali, kwa sababu minyoo ya mbwa huingia hata katika matumbo ya watu.

Tatu, upendo uwe na daraja. Mzee anayeishi peke yake aweza kupata faraja kwa mbwa wake, wala si aibu. Tobia kijana, katika safari yake ndefu, alifuatana na mbwa, na Kitabu Kitakatifu hakikuona haya kumtaja. Lakini Tobia hakumwoa mbwa wala hakumwita ndugu. Alikwenda naye njiani, huku moyo wake ukiwaza baba yake kipofu.

5. Jambo gumu

Sasa yabaki swali ambalo wengi hulikwepa. Mtu afanye nini ikiwa kweli hawezi? Ikiwa nyumba ni chumba kimoja, mshahara haufiki, na watoto wa mbwa ni sita?

Jibu la uongo ni kusema kwamba kumwua mnyama ni dhambi daima. Watu hula nyama, huua nyoka, wala hawalaumiwi. Jibu jingine la uongo ni kusema kwamba haidhuru namna gani. Yadhuru sana. Mfuko unaotupwa ziwani ni kifo kirefu cha kunyimwa pumzi. Na watoto sita wakinyang'anywa mama kwa mara moja, maziwa humjaa, matiti huvimba na kuuma, naye huzunguka nyumba akiwatafuta.

Lililo baya zaidi ni lile linaloonekana la upole: kuwaacha sokoni au kando ya njia "wajitafutie". Anayefanya hivyo huenda nyumbani na mikono safi machoni pake. Lakini wengi wao watakufa kwa njaa pole pole, na watakaopona watakuwa mbwa wasio na mwenyewe, wasio na chanjo. Hao ndio wanaoeneza kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu daima huua. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa naye akapona, dunia ina kinga yake: kuosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, na kwenda hospitali siku ileile kupata chanjo. Lakini mtoto wa kijiji cha mbali hafiki hospitali daima. Basi aliyemtupa mbwa leo amemwekea mtoto wa jirani hatari ya kesho. Deni alilokataa kulilipa yeye, litalipwa na mwingine asiyelijua.

Njia ya haki ina hatua zake. Kwanza kuzuia: mbwa afungiwe ndani majuma matatu hivi katika siku zake, au, penye mganga wa wanyama, afanyiwe operesheni asizae tena. Watoto wakiisha kuzaliwa, mwenyewe aanze mapema kuwatafutia nyumba: mlinzi wa ghala, mjane mwenye kuku, mkulima anayesumbuliwa na nyani. Asiwape watu wa kucheka, bali watu wa kulisha. Na ikiwa mmoja amezaliwa kilema asiyeweza kunyonya, au ikiwa kweli hakuna njia yoyote, apelekwe kwa mwenye ujuzi wa kumaliza maisha yake upesi bila maumivu, akiwa mdogo bado. Anayefanya hivyo kwa huzuni, baada ya kutafuta, hakuvunja ahadi. Ameilipa kwa sarafu chungu. Anayechagua mfuko ili kujiepusha na safari ya kumtafuta jirani, yeye ameivunja.

Mtu ni utu, wasema Waswahili. Utu hauonekani sana mbele ya wakubwa, kwani mbele yao kila mtu ana adabu. Huonekana jikoni, nyuma ya mfuko wa makaa, mbele ya kiumbe asiyeweza kushukuru kwa maneno wala kushitaki. Na wapo daima wanaotazama: watoto wa nyumba. Mtoto aliyemwona baba yake akitupa kisichomfaa tena, siku moja baba huyo atakuwa mzee, naye atakumbuka.

Jioni ile katika nyumba ya Bukavu mfuko ulikuwa tayari mlangoni. Baba alirudi kazini amechelewa, ameloa mvua. Mkononi alikuwa na sanduku tupu la karatasi alilopewa dukani. Hakusema neno. Aliuchukua mfuko, akaupasua kwa kisu, akautandika chini ya sanduku, akaliweka karibu na mafiga penye joto. Usiku wa tatu mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, alikufa, nao wakamzika chini ya mgomba. Watano waliobaki walipotimiza majuma manane, wanne walikwenda kwa majirani, na kila jirani aliulizwa na mtoto yule, kwa adabu, kama ana kitu cha kuwalisha. Wa tano alibaki. Katika majuma hayo yote, baba ndiye aliyechemsha vichwa vya samaki.